Usisahau Ubaharia

Shukrani ni deni, na kila mwenye elimu analo. Hapana mtu aliyezaliwa akijua kuimba, kuandika au kuchonga mtumbwi. Alicho nacho alikipata kwa mwingine, na huyo naye alikipata kwa aliyemtangulia. Lakini wanadamu ni wepisi wa kuchukua na wazito wa kutaja. Kwa sababu hiyo, msomaji kijana, napenda kukusimulia habari ya wanamuziki waliokumbuka kutaja.

Wanamuziki hao ni The Rolling Stones, kundi lililoanza London mwaka wa 1962. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mick Jagger na Keith Richards, waliosoma pamoja utotoni, walikutana katika stesheni ya gari moshi mjini Dartford. Jagger alikuwa amechukua santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, Wamarekani weusi. Santuri hizo ndizo zilizofungua mazungumzo yao. Hata jina la kundi lilitokana na wimbo wa Muddy Waters uliotoka mwaka wa 1950.

Muziki walioupenda vijana hao uliitwa bluzi. Ulizaliwa kusini mwa Marekani, miongoni mwa watu weusi ambao wazee wao walikuwa watumwa, na ambao wenyewe walilima pamba katika mashamba yasiyokuwa yao. Wengi walihamia Chicago kutafuta kazi, na huko gitaa likatiwa nguvu za umeme. Howlin' Wolf, Little Walter na Willie Dixon walikuwa mabingwa wa mji huo. Hata hivyo, Wamarekani weupe wengi hawakuwajua. Mwaka wa 1965 kundi letu lilipoalikwa kuimba katika televisheni ya Marekani, lilitaka Howlin' Wolf naye aalikwe. Alipoimba, vijana wale waliketi wakamsikiliza, kama wanafunzi mbele ya mwalimu.

Miaka 50 ikapita. Mwezi wa Desemba 2015 waliingia studio London, wakiwa matajiri wenye sifa duniani kote, ili watengeneze nyimbo mpya za kwao. Kazi ikawa nzito. Wakapiga wimbo wa kale wa Little Walter, wapate tu kunyoosha vidole. Utamu ukawakolea, wakaongeza wa pili na wa tatu. Kwa muda wa siku tatu wakamaliza nyimbo 12, na hapana hata mmoja waliotunga wao. Nyimbo nne zilikuwa zile alizoziimba Little Walter, bingwa wa kinanda cha mdomo. Jagger, mwenye umri wa miaka 72, alikipuliza kinanda hicho kwa bidii ya mwanafunzi. Albamu hiyo, Blue & Lonesome, ilitoka Desemba 2016, na mwaka wa 2018 ikapata tuzo ya Grammy.

Labda utauliza: je, kuimba wimbo wa mwingine si wizi? Si wizi, maadamu mwenyewe ametajwa. Jina la mtunzi likiandikwa, yeye au warithi wake hupata sifa na malipo. Likifichwa, hupokonywa vyote viwili. Mwaka wa 1969 kundi jingine la Uingereza, Led Zeppelin, lilitoa wimbo wenye maneno yaliyofanana na ya Willie Dixon, wala jina lake halikuandikwa. Mwaka wa 1985 mzee huyo alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1987 wakapatana. Baadaye jina lake likatiwa mahali pake. Tazama tofauti: chema kile kile, kikichukuliwa kwa kutaja huwa heshima, na kikichukuliwa kwa kuficha huwa kesi.

Sisemi kwamba albamu moja yaweza kulipa deni lote. Little Walter alikufa mwaka wa 1968, na Howlin' Wolf mwaka wa 1976. Hawakuisikia shukrani hiyo ya uzeeni, na wanafunzi walitajirika kupita walimu. Hapo ndipo moyo wangu unapouma kila niisikilizapo. Shukrani ina wakati wake. Ikichelewa, huwafikia watoto na wajukuu, lakini aliyestahili hayupo.

Kazi yangu ni ualimu, na insha nyingi hupita mikononi mwangu. Mara nyingine hukuta sentensi nzuri iliyotoka katika kitabu nikijuacho, nayo imekaa kimya kama mgeni asiyejulishwa kwa wenyeji. Mwanafunzi hudhani kwamba kutaja kitabu kutampunguzia sifa. Kinyume chake ndicho kweli: anayetaja huonyesha kwamba amesoma, na anayeficha huonyesha kwamba anaogopa.

Basi, msomaji, soma kwa wengi, uige kwa bidii, na utaje bila haya. Aliyekufundisha wimbo, hesabu au kushika jembe, mwambie leo angali anasikia. Na siku utakapokuwa mkubwa, kumbuka neno la wahenga: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.