Mchango wa mtoto kwenda kucheza

Nasikia wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana bana, nipo, ni fildi tu ilinimeza. Nilikuwa nyumbani Korogwe toka Julai mpaka Septemba 2024, na leo nawaletea kisa cha mchango mmoja ambao kila nikiusimulia hapo kimbweta lazima kuna mtu aniulize, "Yaani watu wazima mlikaa kikao kwa ajili ya hiyo?"

Ndiyo, tulikaa. Tena vikao vinne.

Kwa michango sisi hatujambo, si mnajua wenyewe. Kadi ya harusi inakufuata mpaka chuoni wakati bumu halijatoka. Usipoweka ahadi unanuniwa ukoo mzima. Msiba ndiyo usiseme, daftari linapita hata kabla ya jeneza kufika. Lakini mchango wa kupeleka watoto wagonjwa kambini, wakacheze na kuimba na kulala bwenini siku tano? Hiyo kwetu ilikuwa mpya kabisa.

Ilianza na mtoto wa dada yangu, binti ya shangazi, anayeishi Handeni. Mtoto ana miaka 12, yuko darasa la sita, ananiita mjomba. Ana kisukari aina ya kwanza. Wengi wetu tukisikia kisukari tunamfikiria mzee mwenye kitambi, lakini hiki kinashika watoto. Kinga ya mwili inageuka na kuziua chembe za kwenye kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hakula pipi nyingi, wala hakuambukizwa na mtu. Anaanza kuwa na kiu isiyoisha, anakojoa kila saa, anakonda huku anakula. Huyu wetu walidhani malaria, wakadhani minyoo, majirani wengine wakasema ana kitu. Alipogundulika alikuwa hajitambui.

Sasa anajidunga sindano kila siku na atajidunga maisha yake yote. Insulini anapewa bure kliniki kupitia mpango wa msaada kwa watoto. Nyumbani hakuna friji, wanaihifadhi kwenye mtungi wenye maji ndani ya chumba chenye kivuli. Msicheke, ni jambo la kitaalamu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotokana na hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya. Walikuta kuwa chupa ya insulini ikishafunguliwa inaweza kukaa wiki nne kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37 bila kuharibika.

Kwa hiyo dawa ipo na mtungi upo. Shida ilikuwa shuleni. Mtoto alikuwa anaona aibu. Wenzake walimwita "teja" kwa sababu ya sindano, na mwalimu mmoja naye akacheka. Akaanza kuziruka. Mara mbili mwaka ule alibebwa kwa bodaboda kukimbizwa hospitali. Mama yake akimuuliza, jibu ni moja tu: "Mbona ni mimi peke yangu?"

Ndipo zikaja habari kwamba kuna kambi ya watoto wenye kisukari Dar, likizo fupi ya Septemba. Malazi na chakula ni juu ya waandaaji, nauli na matumizi madogo ni juu ya familia. Kliniki iliwapa nafasi watoto wanne, wawili wa Handeni na wawili wa Korogwe.

Hizi kambi si jambo la jana. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu Januari 1922 kule Toronto, mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 14. Kabla miaka ya 1920 haijaisha, Wamarekani walishaanza kambi za kiangazi za watoto wenye kisukari. Halafu kuna yule mcheza sinema Paul Newman. Mwaka 1982 alianza kuuza mchuzi wa kuwekea kachumbari, faida yote ikaenda kwenye misaada, na mwaka 1988 akafungua kambi kule Connecticut kwa ajili ya watoto wenye magonjwa mazito. Hawalipi hata senti.

Sisi mchuzi wa kuuza hatukuwa nao. Tulikuwa na shangazi yangu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba pale Manundu. Hesabu yake ilikuwa hivi: nauli ya watoto wanne na wazazi wawili kwenda na kurudi, mahali pa wale wazazi kulala, shuka, taulo, kandambili, na stripu za kupimia sukari. Jumla 650,000.

Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Mzee mmoja, mtu anayeheshimika mtaani, alisimama akasema, "Hapa tumechangia sanda za watoto. Tumechangia damu, tumechangia upasuaji. Leo mnataka tuchangie mtoto akacheze mpira Dar? Si bora hiyo hela inunue dawa?"

Watu wakaitikia. Na kiukweli mzee alikuwa na hoja. Mtu anayelima mahindi Handeni, mvua yenyewe ya kubahatisha, elfu tano yake ina kazi nyingi.

Dada alikuwa amekuja toka Handeni kwa basi la asubuhi. Akasimama. "Shikamooni wazazi wangu. Baba, umesema kweli. Lakini mimi sijaja kuomba ya dawa, dawa napewa. Mwanangu anaikataa. Naomba aende akamwone mtoto mwingine anayejidunga. Mmoja tu anatosha."

Akakaa. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akatoa elfu mbili mfukoni, akasema aandikwe wa kwanza.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Kikoba kikatoa laki moja. Kina mama wanaouza machungwa stendi wakachanga mia tano mia tano kwa wiki nzima. Bodaboda wa Korogwe wakawaalika bodaboda wa Handeni kwenye bonanza, kiingilio mia tano. Handeni walishinda mbili moja na mpaka leo Korogwe wanadai goli la pili lilikuwa ofsaidi. Wakati wa mapumziko tukamnadi jogoo. Mnajua utaratibu: unamnunua, unamrudisha, ananadiwa tena. Yule jogoo aliuzwa mara tisa na alileta 94,000, halafu akarudi kwa mwenyewe mzima kabisa. Mimi nikawapigia wana wa hapa Mlimani, nane mkatoa elfu tano tano. Mnajijua, Mungu awazidishie.

Tulifunga daftari na 712,500. Iliyobaki yote ikanunua stripu.

Siku ya safari watoto wa Korogwe walipanda stendi, basi likapita Segera na Kabuku, wale wa Handeni wakaingilia Mkata. Mimi niliwasindikiza mpaka Mkata, kwa hiyo niliona walivyokutana. Hawakusalimiana. Walikaa wanaangaliana tu, kila mmoja na kimfuko chake cha dawa mapajani. Dakika kumi baadaye wa Korogwe akauliza, "Wewe unadunga tumboni au pajani?"

Mambo mengine nilisimuliwa. Walifundishwa kupima sukari kabla na baada ya kucheza, kubadilisha sehemu ya kudunga, kukadiria ugali kwa ngumi. Walifundishwa pia kwamba ukianza kutetemeka na kutoka jasho jingi, sukari imeshuka, kunywa soda au juisi upesi. Siku moja walipelekwa ufukweni. Mpwa wangu ni mtoto wa mkoa wa Tanga lakini bahari hakuwahi kuiona. Aliniambia ina kelele.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Muhula huu aliumwa tena wiki moja, na yule mwalimu hajabadilika. Ila sindano haziruki. Anadunga darasani, saa nne, mbele ya wenzake, na rafiki yake wa dawati moja ndiye anayemshikia kimfuko. Ana namba ya yule mtoto wa Korogwe kwenye simu ya mama yake na wanatumiana vipimo vyao kama watu wanaoshindana.

Kamati ya shangazi haijavunjwa. Daftari lipo, mzee wa elfu mbili sasa ni mjumbe, na safari hii Korogwe wanataka mechi ya marudiano. Bumu likitoka nitawapitia kimbweta kwa kimbweta, msije mkajifanya mnadesa.

Ni hayo tu wadau. Kesho nina testi saa mbili asubuhi.