Adabu za Kitanda cha Juu

Usiku wangu wa kwanza katika hosteli ya wasafiri nilikosea mambo matano kabla hata sijalala. Nilifika Kampala usiku, nimechoka hoi kwa safari ya basi ya kutwa nzima kutoka Nairobi, nikafungua mlango wa chumba cha wanawake sita na kuwasha taa. Hilo la kwanza. La pili, nikasema "Hamjambo" kwa sauti ya mwalimu anayeingia darasani. La tatu, nikakaa kwenye kitanda cha chini ili nivue viatu, kumbe nimekalia miguu ya mtu. La nne, nikaanza kutafuta kanga yangu ndani ya mfuko wa nailoni, na nailoni usiku hulia kama bisi kwenye sufuria.

La tano lilikuwa simu. Mama alipiga kuuliza kama nimefika. Nikampokea palepale, nikamweleza habari za foleni mpakani, na yeye akanieleza kwamba baba amekula uji wote.

Mwenye miguu ile, mama wa Kizungu wa makamo, aliinua kitambaa alichojifunika machoni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba simu hupokelewa nje, tafadhali. Hakufoka. Ile "tafadhali" ndiyo iliyonichoma.

Nilijiona mjuzi wa vitanda vya deka. Nimelala bwenini miaka sita, nimelinda tranka langu, nimeoga maji ya baridi alfajiri. Lakini bweni lina matroni, lina kengele, na kila mtu anajua wewe ni binti wa nani. Hosteli ya wasafiri haina matroni. Wanaolala humo hawajuani, kila mmoja ana saa yake ya kulala na saa yake ya basi. Kinachowawezesha kulala pamoja ni kila mmoja kujizuia kidogo kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa siku mbili zilizofuata nilijifunza kwa kutazama. Nayaandika hapa kwa ajili ya msomaji ambaye naye ataingia chumba cha namna hiyo kwa mara ya kwanza.

Ukifika usiku, tumia tochi ya simu, mwanga ukiuelekeza chini. Vitu vya usiku, yaani nguo ya kulalia, mswaki, ndala na taulo, viweke juu kabisa ya begi ili usichimbue. Kama unaondoka alfajiri, panga mizigo jioni, na usiku utoke na begi zima ukamalizie nje. Usitumie mifuko ya nailoni. Kanga moja hufunga nguo zote na haina kelele. Kengele ya simu ikilia, iamke mara moja. Anayeizima na kulala tena mara tatu ameamsha watu watano mara tatu.

Kitanda cha chini ni nyumba ya mtu. Usikalie bila kuomba, usitundike taulo lako mbele yake, na ukiwa wa juu, panda na kushuka kwa ngazi, si kwa kukanyaga godoro lake. Nenda na kufuli lako mwenyewe, kwa sababu makabati huwa yapo lakini kufuli mara nyingi hukodishwa au halipo. Pasi ya kusafiria na fedha zilale nawe. Jikoni, andika jina lako kwenye chakula unachoweka kwenye friji, na osha sufuria kabla hujala, maana ukishashiba utaiacha. Na salamu? Salimia mchana, sebuleni, kadiri upendavyo. Usiku, kukaa kimya ndiyo salamu.

Nilipenda kujua kwamba jambo hili lilianzishwa na mwalimu mwenzangu. Mwaka 1909 Mjerumani mmoja, Richard Schirrmann, alikuwa matembezini na wanafunzi wake mvua ya radi ikawakuta. Wakajihifadhi katika shule ya kijiji, wakalala darasani juu ya majani makavu. Akawaza kwamba shule zinazokaa tupu wakati wa likizo zingeweza kulaza watoto walio safarini. Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ilifunguliwa katika ngome ya Altena. Yaani msingi wake ni watu waliobanana ndani kwa sababu nje kulikuwa na mvua.

Usiku wa tatu nilikuwa nimekuwa mgeni mwema. Nilioga mapema, nikakunja nguo zangu, nikapanda ngazi taratibu. Kabla ya kufumba macho niliweka simu kimya, nikaizima hata mtetemo, maana kitanda cha chuma huupeleka mtetemo hadi kwa aliye chini. Nikailaza chini ya mto, kioo kikitazama godoro ili mwanga usimsumbue mtu.

Niliamka saa kumi usiku nikitaka kwenda msalani. Kwenye simu kulikuwa na miito kumi na minne kutoka Bukoba. Wa kwanza ulikuwa wa saa nne na nusu. Ilifuatana, kaka, mama, kaka, dada, kaka. Wa mwisho ulikuwa wa saa saba na dakika kumi. Baada ya hapo hakuna aliyepiga tena. Nilielewa kutokana na ile saa, kabla sijampigia mtu yeyote.

Na bado sikuwasha taa. Sijui nieleze vipi. Nilijua baba yangu amekufa, nami nikawa nashusha vitu vyangu viwili viwili, miguu mitupu, nikivipeleka koridoni ili nisiamshe watu. Nje ndipo nikampigia kaka. Alisema baba alizidiwa ghafla jioni. Kufikia saa tano hakuweza tena kusema, lakini alikuwa anasikia. Walitaka kumwekea simu sikioni.

Nikakaa sakafuni kwenye vigae. Mlango ukafunguliwa polepole, yule mama wa kitanda cha chini akatoka na chaja yangu mkononi. Nilikuwa nimeisahau ukutani. Aliponitazama akauliza kuna nini. Nikamwambia. Akakaa chini kando yangu, na nguo yake ya kulalia. Baada ya muda akauliza, "Simu ilikuwa kimya?" Nikasema ndiyo. Hakusema neno jingine. Alibaki amekaa, chaja bado ipo mkononi mwake, hadi niliposimama.

Askari wa getini aliposikia alisema, "Kitalo nnyo," pole ya Waganda, akavua kofia. Akampigia simu dereva wa bodaboda anayemwamini, na kulipokucha nilikuwa kwenye matatu ya Masaka. Tulivuka ikweta pale Kayabwe. Wageni walikuwa wanashuka kupiga picha. Mutukula nilipigiwa mihuri miwili, na mchana nikafika nyumbani, turubai limeshafungwa migombani.

Mama aliniuliza mara moja tu mbona sikupokea. Nikasema nilikuwa nimelala. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kwa miezi mingi nilitaka kumlaumu yule mama na "tafadhali" yake. Nimeshindwa. Aliniomba nitoke nje na simu; hakuniambia niizime. Alikuwa na haki ya kulala, kama mimi nilivyokuwa na haki ya kuitwa. Kosa, kama lipo, ni kwamba niliona aibu mara moja, nikataka isinipate tena, nikaitii aibu kuliko kanuni yenyewe. Mgonjwa alikuwa kwetu, na mimi nilikuwa nawaza mtetemo wa kitanda.

Bado nalala hosteli wakati wa likizo, na yote niliyoandika hapo juu nayafuata. Nimeongeza moja tu, nawe uliongeze. Simu nyingi zinakuruhusu kuziweka kimya kwa watu wote isipokuwa wachache unaowachagua. Kaa dakika mbili kabla ya safari, chagua wako. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, waambie wenzako wa chumbani mapema, mchana, sebuleni: usiku simu yangu inaweza kulia, mniwie radhi. Nimelisema hilo katika vyumba vingi sasa, na hakuna aliyewahi kukunja uso.

Yangu inalia kwa namba nne. Mojawapo bado ni ya baba. Siku hizi anaitumia mama.