Laptopu Nyembamba Inayogeuka Tableti: Nani Analipia Wembamba?

Wasee, kuna swali moja limejaa kwa inboksi yangu: "Ninunue hizi laptopu nyembamba zinazokunjwa mpaka nyuma?" Mnazijua. Skrini ya kugusa, kalamu pembeni, ukiigeuza inakuwa tableti.

Nitakubali kwanza: ni tamu. Tangu Lenovo walete Yoga ya kwanza mwaka wa 2012, skrini ikazunguka digrii 360, watu hawajaacha kuipenda hiyo staili. Kwa chumba cha hosteli ambapo kitanda ndicho meza, unaisimamisha kama hema unatazama lekcha ukiwa umelala. Mtu anayechora mifupa ya anatomia kwa kalamu, moja kwa moja kwa noti zake, hakuna kibodi itampa hiyo. Na kubeba kilo moja na kitu kutoka Rongai hadi tao si sawa na kubeba mbili, uliza mgongo wangu.

Lakini wembamba hauji bure. Kuna kitu kimetolewa ndani ili upatikane.

Cha kwanza ni nafasi ya joto kutoka. Cheki Dell XPS 13 2-in-1 ya mwaka wa 2017. Haina feni kabisa, imenyamaza tu. Stika inaweza kusoma i7, na muuzaji atakuonyesha hiyo stika kwa kidole. Jina kamili la chipu ni i7-7Y75, na hiyo Y ya katikati ndiyo stori yote: kori mbili, wati 4.5. i7-7500U ya kizazi hicho hicho ni ya wati 15. Zote mbili zinaitwa i7! Ukiandika insha hutaona tofauti. Edit video ya dakika kumi ndio utajua. Chipu inashika joto, inajipunguzia kasi isiungue, na wewe unaenda kupika ugali ukingoja.

Cha pili ndicho kinaniuma zaidi: haifunguki. Yaani inafunguka, lakini ndani hakuna cha kubadilisha. Ram imechomelewa kwenye bodi. Kwa XPS 13 2-in-1 ya 2019, hata SSD imechomelewa. Mwaka wa 2024 Intel walitoa chipu za Core Ultra 200V zikiwa na ram ndani ya kifurushi cha chipu chenyewe, GB 16 au 32. Unachagua siku ya kununua na unaishi nayo.

Tusiwaonee mainjinia, sababu iko. Ram ikikaa karibu hivyo na chipu inakula stima kidogo, betri inadumu. Ila wanamtengenezea mnunuzi wa kwanza, mwenye waranti, ambaye atabadilisha mashine baada ya miaka mitatu hivi. Wengi wetu hapa tunaipata wakati yeye ameichoka. Imetumika ng'ambo, imeletwa, imepanguswa vizuri, imewekwa kwa kioo cha duka Moi Avenue. Waranti ilishaisha, betri imezeeka, na ram ni ile ile GB 8 ambayo mtu mwingine aliona inamtosha. Yeye alilipia wembamba kwa pesa. Sisi tunaulipia kwa fundi.

Binamu yangu anasomea usanifu wa majengo. Chai ilimwagikia laptopu yake, nyembamba safi, muhula ukiwa umebaki wiki mbili. Fundi wa Luthuli akaifungua, akakuna kichwa. "Dada, bodi imekufa, na SSD ni sehemu ya bodi." Kwa laptopu ya kawaida angechomoa SSD, aitie kwa kifuko cha USB, michoro yote iwe hapo. Yeye alianza kuchora upya.

Sasa ndugu yangu mdogo anaingia chuo kusomea kompyuta, na mamangu amekopa chama elfu sitini. Mimi nimependekeza ThinkPad T480 ya 2018. Ni nene, ni nyeusi, kijana anasema inakaa ya afisi ya chifu. Sawa. Lakini ina nafasi mbili za ram, betri ya nyuma unaitoa bila bisibisi, na ina tundu la HDMI, kwa hivyo siku ya presenteshoni hakuna kuzunguka darasa ukiomba adapta. Hiyo pesa ni ya kina mama kumi na wawili. Sitaiweka kwa mashine ambayo chai inaweza kuimaliza na kila kitu kilicho ndani.

Ningekuwa nachora kila siku, au nasomea udaktari, ningefikiria tofauti. Kama ni wewe huyo, nenda dukani bila haraka. Fungua mipangilio usome jina lote la chipu, usiamini stika. Ram isiwe chini ya GB 16. Gugo hiyo modeli ujue kama SSD inatoka. Geuza skrini mbele na nyuma mara kumi hivi ukisikiliza bawaba, hata muuzaji akikukazia macho. Gusa kila kona ya kioo, kwa sababu kioo na skrini kwa kawaida vimegandishwa pamoja, kikipasuka unanunua vyote. Na kabla hata ya kubandika stika zako, panga mahali kazi yako itakuwa ikihifadhiwa nje ya hiyo laptopu.