Mizani ya Chozi

“Lágrima”, yaani chozi kwa Kihispania, ni utungo mfupi wa gitaa wa Francisco Tárrega (1852–1909). Una vipimo 16: 8 vya meja, yenye furaha tulivu, na 8 vya maina, yenye huzuni, kisha mpigaji hurejea mwanzo. Mshairi wa pwani aijua hesabu hiyo: ndiyo mizani ya ukwapi na utao katika mshororo mmoja.

Huko Arusha, katika mtaa wa Ngarenaro, ambao jina lake kwa Kimaasai ni maji meusi, fundi cherehani mmoja aliyezoea kupiga nyimbo za dansi alianza kujifunza utungo huo baada ya kufiwa na mkewe. Vidole vilivyozoea sindano vilibana uzi wa kwanza na wa nne, wa pili ukiachwa wazi uvume katikati. Kwa miezi aling’ang’ania sehemu ya maina, akidhani humo ndimo chozi lilimo. Ile ya kwanza aliipita mbio, kama apitaye mlango wa nyumba aliyoihama.

Usiku mmoja alirejea mwanzo, polepole. Noti zilikuwa zile zile za furaha. Hapo ndipo alipolia.