Mahudhurio Nje ya Chumba cha Upasuaji

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 26, mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Njombe, na shingoni nilikuwa na rovu lililofikia ukubwa wa embe. Kwetu halikuwa jambo la kushangaza. Bibi yangu alikuwa nalo, shangazi zangu wawili walikuwa nalo. Mvua za milimani zilikuwa zimeondoa madini joto kwenye udongo wetu kwa karne nyingi, na chumvi tuliyokula haikuwa nayo. Watu waliishi na marovu yao hadi uzeeni. Langu lilianza kunikaba. Nikilala chali pumzi ilitoka kwa mluzi, na mume wangu alikuwa akiniamsha usiku ahakikishe ni mzima.

Daktari wa wilaya aliniandikia barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Nauli ilitosha mtu mmoja. Mama alinichemshia viazi, akavifunga kwenye kitenge, nami nikapanda treni ya TAZARA pale Makambako nikiwa peke yangu.

Wodini nililala siku kumi na mbili kabla ya kupasuliwa. Kila siku nilipewa matone ya dawa ya rangi ya kahawia iitwayo Lugol, yaliyochanganywa na maji, yenye ladha ya chuma kilichopata kutu. Yalikuwa ya kupunguza damu kwenye tezi ya shingoni ili daktari asipate shida ya kuizuia. Hilo nilikuja kulijua baadaye, kwani wakati ule nilimeza tu. Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, kila kitanda kilizungukwa na ndugu wenye chupa za chai na mabakuli yaliyofungwa kanga. Changu hakikuwa na mtu. Bibi mmoja Mzaramo wa kitanda cha pili alikuwa akiwaambia wanawe, "Mpeni na mjukuu wangu huyu wa bara," nao wakanimiminia uji. Mpaka leo namwombea.

Siku moja kabla ya upasuaji, madaktari walipopita, mmoja wao alisema huku akiandika kwamba nyuma ya tezi kuna mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi, na kwamba ukiguswa sauti inaweza kuharibika. Akanipa fomu nitie sahihi, akahamia kitanda kingine. Nilitia sahihi. Kisha nikakaa na neno lile usiku kucha. Mwalimu asiye na sauti ni nani? Niliongoza kwaya ya kanisa, nilifundisha watoto 47 kwenye darasa la bati ambamo mvua ikinyesha lazima upaze sauti. Na juu ya hilo kulikuwa na nusu kaputi. Nyumbani tulilitamka neno hilo kwa kunong'ona, maana tulilisikia kama nusu ya kufa, na hakuna aliyejua hiyo nusu nyingine hubaki wapi.

Asubuhi nilivua hereni na pete, nikavaa gauni la kijani lililofungwa mgongoni. Saa mbili nilichomwa sindano ya pajani, nikalazwa kwenye machela, nikasukumwa hadi korido ya chumba cha upasuaji. Hapo milango ikafunguka kwa kishindo, akapitishwa mama mjamzito aliyekuwa anatokwa damu. Zamu yangu ikawa yake. Aliyenisukuma akaniegesha ukutani, akasema, "Subiri hapa," akaondoka.

Nilisubiri karibu saa tatu. Mdomo ulinikauka hadi ulimi ukagandana na kaakaa. Moyo ulinienda mbio, nikawa nausikia masikioni. Nikajiambia: ndiyo haya, mwili umeshajua kwamba nakufa. Kadiri nilivyowaza hivyo ndivyo moyo ulivyozidi kukimbia.

Akapita muuguzi mtu mzima aliyebeba beseni la vyombo. Alinitazama mara moja, akaliweka beseni chini.

"Mwalimu, unaogopa?"

"Sista, moyo wangu utapasuka."

"Hiyo ni dawa," akasema. "Sindano ya asubuhi ndiyo inayokausha mate na kuukimbiza moyo. Tunaichoma makusudi, usije ukapaliwa na mate ukiwa usingizini. Uoga wako uko hapo, sikatai, lakini huo mdomo mkavu si wa kwako."

Kisha akanieleza yatakayofuata, moja baada ya jingine, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nitaingizwa, nitahamishiwa kitanda chembamba chenye taa kubwa juu. Nitachomwa sindano ya mshipani, nitasikia ladha kama ya kitunguu mdomoni, na hapo usingizi utanichukua. Nikiamka koo litauma na shingoni kutakuwa na mpira wa kutolea damu. Daktari ataniambia niseme neno. "Basi," akasema, "tafuta kazi ya kufanya mpaka wakuite." Akabeba beseni lake.

Nusu ya niliyoiita hofu ilikuwa dawa. Nimeishi na jambo hilo zaidi ya miaka arobaini. Kabla yake watu wengi walikuwa wameniambia "usiogope", na kila aliyesema hivyo aliniacha mpweke zaidi. Yeye hakunikataza kuogopa. Alinitenganishia kilicho changu na kisicho changu, akaniacha na mzigo ninaouweza.

Kazi niliyoipata ilikuwa ile ninayoifanya kila asubuhi. Niliita mahudhurio. Nilifumba macho nikafungua daftari la darasa kichwani, wavulana kwanza, kisha wasichana, nikiita kwa kunong'ona kila jina na kumsubiri mwenyewe ajibu. Wa kwanza alikuwa mvulana anayevuka mto, anayefika na miguu iliyolowa hata asubuhi za umande ulioganda. Wa saba alikuwa na kikohozi. Wa kumi na tisa alijua kusoma ila aliona haya kusoma mbele za watu. Nikiruka mmoja, nilirudi mwanzo. Sikuwa tena kwenye machela. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, na chaki mkononi.

Namba 31 ikanishinda. Msichana, dawati la nyuma karibu na ukuta, sweta la bluu lenye kiwiko kilichotoboka. Uso wake niliuona, jina halikuja. Nilirudi mwanzo mara nne. Nilikuwa bado namtafuta magurudumu yalipoanza kuzunguka.

Taa kubwa ilikuwepo. Ladha ya kitunguu ilikuja.

Nilipoamka koo liliwaka moto, na mtu alikuwa akinigonga begani. "Mwalimu, sema neno. Neno lolote." Nikafungua mdomo, likatoka jina la yule msichana, kwa sauti ya kukwaruza, lakini likatoka lote. Daktari alidhani namwita mwanangu.

Kovu langu linazunguka shingo kama mkufu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mkato wa namna ile ulienezwa na Theodor Kocher, daktari wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo ya shingoni. Waswisi nao walikuwa watu wa milimani, wenye marovu kama sisi. Wajukuu zangu wanakula chumvi yenye madini joto na hawana uvimbe shingoni. Lakini upasuaji wa mambo mengine hauishi, na ndugu yangu yeyote akiitiwa kupasuliwa, naenda kukaa naye. Namweleza hatua zote, hadi ladha ya mdomoni.

Nilirudi shuleni wiki sita baada ya upasuaji ule, sauti bado nzito. Asubuhi ile niliita mahudhurio polepole. Nilipofika namba 31 nikasimama, nikamtazama. Mtoto asiyepaza sauti hata mara moja, ndiyo maana nilikuwa nimempoteza. Nikaita jina lake.

"Nipo," akajibu, na siku hiyo sauti zetu zililingana.

Nikamhamishia dawati la mbele.