Pango la Suswa: Tochi Moja, Watu Wawili

Muulize mkazi wa Nairobi wikiendi anakwenda wapi, atakutajia Naivasha, nyama choma na muziki. Si vibaya. Lakini je, msomaji wangu, umewahi kutembea ndani ya tumbo la volkeno? Mlima Suswa uko Kaunti ya Narok, katika Bonde la Ufa, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Tulikuwa wanne, marafiki tangu chuo. Wawili kati yetu, mwalimu na mwenzake wa benki, walikuwa hawasemezani kwa miezi minane kisa deni la harusi. Kila mmoja alikubali kuja kwa sharti moja: asikae siti moja na yule. Basi mmoja akakaa mbele, mwingine nyuma, na sisi wawili tukawa ndio redio ya safari.

Tuliondoka alfajiri, tukateremka hadi Mai Mahiu, tukashika barabara ya Narok, ileile iliyokatwa na ufa mkubwa Machi 2018 baada ya mvua. Ukiacha lami pale Suswa, jiandae. Njia ya mlimani ni mawe na vumbi, na gari dogo la mjini haliwezi.

Kilele kina mita 2,356. Kreta ya nje ina ukubwa wa kama kilomita 12 kwa 8, na ndani yake kuna kreta nyingine. Wamaasai wanaishi humo na mifugo yao. Maji ni ya shida, kwa hiyo wanautega mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba. Ukipoa, unadondoka maji. Acha bwana, binadamu ana akili!

Mapango yenyewe yalichimbwa na moto. Lava ilipotiririka, juu ikapoa na kuganda, chini ikaendelea kukimbia hadi ikaisha, ikaacha handaki tupu. Paa lilipoporomoka ndipo pakapatikana mlango. Ukumbi mmoja huitwa bunge la nyani, maana nyani hulala humo, na mawe yao yanang'aa kwa kukaliwa miaka na miaka. Kwingine ni popo, na harufu yake usiniulize.

Huko ndani tochi ya mwalimu ilizima. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza hakujua habari za deni. Akampanga nyuma ya yule wa benki, tochi moja watu wawili, akatuambia tusonge. Kwa dakika nzima nilisikia viatu tu. Halafu yule wa mbele akasema, "Jiwe hapo." Kimya. "Inama." Kimya tena. "Shika bega langu, utaanguka."

Akalishika.

Tulipotoka kwenye jua hawakukumbatiana kama kwenye sinema. Mwalimu alifuta vumbi usoni, akasema, "Ile hela nitaanza kukulipa mwisho wa mwezi, kidogokidogo." Mwenzake akajibu, "Ungeniambia hivyo tangu zamani." Kurudi, wote wawili walikaa nyuma. Sikugeuka kuangalia.

Ukitaka kwenda, chukua mwongozo wa hapohapo. Ada inaisaidia jamii inayoutunza mlima, na bila yeye utapotea. Vaa buti na suruali ndefu. Beba maji ya kutosha na kitambaa au maski ya kuziba pua, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Mwenye pumu abaki nje afaidi mandhari. Kila mtu awe na tochi yake na betri za akiba.

Ila kama kwenye kundi lenu kuna wawili walionuniana, hizo betri za akiba zisahau kidogo kwenye gari.