Haki saba ambazo vita havifuti

Huko Goma, Butembo, Beni na Bunia, watu wengi wanasema kwamba tangu vita kupamba moto, sheria imekwenda likizo. Mtu akikamatwa barabarani, jamaa zake hawaulizi tena amevunja kifungu gani. Wanauliza ni nani wa kuombwa na ni pesa ngapi. Kijana aliyekimbia kijiji kilichotekwa anaitwa mshirika wa adui kwa sababu tu kadi yake ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba. Mama yake anakaa kimya, akiamini kwamba wakati wa vita raia hana haki yoyote.

Katiba ya Kongo haisemi hivyo. Ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, baada ya wananchi kuipigia kura, na walioiandika walikuwa wametoka kwenye vita, wakijua vita ni nini. Kifungu cha 61 kinasema kwamba kuna haki ambazo hakuna mtu anayeweza kuziondoa kwa hali yoyote ile, hata nchi ikiwa katika hali ya dharura ama chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao kila mtu anauita état de siège.

Haki hizo ni saba. Haki ya kuishi. Kutoteswa wala kupewa adhabu ya kikatili. Kutofanywa mtumwa. Kutohukumiwa kwa kosa ambalo halikuandikwa katika sheria. Kujitetea na kukata rufaa. Kutofungwa kwa sababu ya deni. Na mwisho, uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini.

Ile ya deni inagusa familia nyingi zilizohama makwao. Mama anakopa unga ama pesa za dawa, anashindwa kulipa, na jioni analala kasho. Deni peke yake si kosa la jinai. Ni jambo la kudaiana mbele ya mahakama ya kiraia. Ndiyo maana anayedai mara nyingi haandiki neno « deni » katika mashtaka, anaandika « utapeli » ama « kuvunja uaminifu », ambayo ni makosa ya jinai. Hapo ndipo avoka anapaswa kuuliza: alidanganya kweli, ama alishindwa tu kulipa?

Jambo la pili ni mahakama za kijeshi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa majaji wa jeshi. Serikali ilijitetea kwa kifungu cha 156, ambacho kinamruhusu rais kusimamisha kwa muda kazi ya mahakama za kawaida katika kesi za jinai. Wanasheria wengi walijibu kwamba kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Pia walisema kwamba kinachoruhusiwa ni cha muda, na kifungu cha 144 kinataja siku 30, halafu nyongeza za siku 15 15 zinazopitishwa na bunge. Nyongeza hizo zikirudiwa miaka na miaka, neno « muda » linapoteza maana yake.

Mjadala mkali kuliko yote ni wa hukumu ya kifo. Tangu mwaka 2003 mahakama za Kongo ziliendelea kutoa hukumu hiyo, lakini haikutekelezwa. Waliohukumiwa walibaki gerezani. Tarehe 13 Machi 2024, waraka wa wizara ya sheria uliondoa kizuizi hicho. Sababu iliyotolewa ni usaliti ndani ya jeshi na ujambazi unaoua watu mijini. Mwezi wa Mei mwaka huo, mahakama ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo wanajeshi 8 kwa makosa yaliyohusu kukimbia mbele ya adui.

Wapo wakimbizi wa ndani wanaounga mkono waraka huo, na hasira yao inaeleweka. Aliyezika watoto kwa sababu kituo cha jeshi kiliachwa wazi hawezi kuambiwa tu asamehe. Wanaopinga nao wanauliza: haki ya kuishi ikiwa ya kwanza katika orodha ya kifungu cha 61, waraka wa waziri unaweza kuipita katiba? Na pale ambapo kijana anakamatwa kwa kukosa kadi, anahojiwa bila avoka, kisha anahukumiwa haraka, nani atarekebisha kosa la jaji baada ya mtu kuuawa? Anayetaka adhabu kali kwa msaliti wa kweli ana sababu ya kutaka pia kesi safi, maana kesi mbovu inamuua asiyehusika na kumwacha msaliti nje.

Kuna pia maeneo ambayo serikali haiyaongozi tena. Huko nako watu wanauliza kama sheria ipo. Kifungu cha 3 kinachofanana katika mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949 kinafunga pande zote za vita vya ndani, jeshi la serikali na waasi. Kinakataza kumuua mtu kwa hukumu isiyotolewa na mahakama iliyowekwa kihalali, yenye dhamana za haki. Mwenye bunduki hageuki kuwa jaji kwa sababu ameshika mji.

Karatasi haizuii risasi, na kila familia iliyokimbia inajua hivyo. Lakini mwenye kujua anaweza kusema kwa adabu: « Mukubwa, mtoto wangu anashitakiwa kwa kifungu gani? Avoka wake ataingia saa ngapi? » Akiandika tarehe, saa, mahali na jina la aliyemkamata mtoto, amempa avoka mahali pa kuanzia. Kifungu cha 45 kinailazimisha serikali kuifundisha na kuieneza katiba. Ambapo serikali haijafika, haki saba zinaweza kufundishwa kanisani, msikitini, na kwenye mstari wa kuchota maji.